Hela ya mtazamaji imfuate yule anayemtazama: tupige hesabu ya malipo ya watengeneza vidio mtandaoni

#1 (mleta mada)

Wakuu salaam. Mimi natengeneza vidio za kufundisha hisabati, na hili suala la malipo naliona linabishaniwa juu juu sana, mmoja anakwambia ukitazamwa mara milioni umeshatoka kimaisha, mwingine anasema hizo kampuni ni wezi basi mada imeisha, na wote wawili hawajakaa chini wakaangalia hela inatoka wapi, inapita mikononi mwa nani na inafika imebaki ngapi. Naomba tuifuatilie hapa taratibu, na mwenye kujua zaidi asahihishe.

Nianze na matangazo maana ndiko hela nyingi inakotoka. YouTube ilianza 2005, Google wakainunua 2006, mwaka uliofuata wakafungua mpango wa kugawana mapato na wenye chaneli. Kwenye vidio ndefu mgawo ni asilimia 55 kwa mwenye vidio na 45 kwao, hilo wameliandika wenyewe halina siri. Sasa watu wanakosea hapa: hiyo 55 ni ya hela ya tangazo lililoonyeshwa. Kama vidio imetazamwa na tangazo halikutokea, au mtu kaweka programu ya kuzuia matangazo, 55 ya sifuri ni sifuri. Ndio maana kuna CPM, yaani anacholipa mtangazaji kwa tangazo kuonyeshwa mara 1,000, na kuna RPM, yaani kinachobaki kwako kwa kila mara 1,000 vidio yako inapotazamwa. Mtu akikutambia CPM muulize RPM, hapo ndipo utaujua ukweli.

Na hiyo RPM haiangalii umehangaika kiasi gani. Inaangalia mtazamaji yuko nchi gani, mada yako ni ya fedha na bima au ni ya hadithi, na ni mwezi gani, maana mwisho wa mwaka watangazaji wanamwaga hela halafu Januari inaporomoka. Vidio ile ile, jasho lile lile.

Ukiwa mdogo ndio kabisa. Ili uingie kwenye mgawo wa matangazo unatakiwa uwe na watu 1,000 waliosabskraibu na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au vidio fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kabla ya hapo hupati kitu cha matangazo. Lakini tangu walipobadilisha masharti, Marekani mwishoni mwa 2020 na kwingine Juni 2021, wanaweza kuweka matangazo hata kwenye vidio za mtu ambaye hayumo kwenye mpango, na hela yote ikabaki kwao. Hili mimi naliona ni baya kuliko yote na sielewi kwa nini halipigiwi kelele. Kama vidio yangu haijafikia kiwango cha kulipwa basi isitumike kuingiza hela. Kama inaingiza hela, nilipwe hata kama ni senti tatu, ziwekwe kwenye akaunti zinisubiri.

Vidio fupi nazo zina hesabu yake. Tangu Februari 2023 YouTube wanakusanya hela ya matangazo yanayotokea katikati ya vidio fupi wanaiweka kwenye mfuko. Kama hukutumia muziki, hela inayohesabiwa kwa vidio yako inaingia yote kwenye mfuko wa watengenezaji, ukitumia wimbo mmoja nusu inakwenda kulipia leseni za muziki, ukitumia nyimbo mbili theluthi mbili zimeondoka. Kisha mfuko unagawanywa kwa kuangalia umechukua sehemu gani ya watazamaji wa kila nchi, na katika hicho ulichopangiwa unachukua asilimia 45. Ukisoma mara ya kwanza kichwa kinauma lakini angalau mfuko huo unakua matangazo yakiongezeka.

Wa TikTok ulikuwa mgumu zaidi. Walitangaza 2020 mfuko wa watengenezaji wa dola milioni 200 kwa Marekani, wakaahidi kuupandisha. Hela ya mfuko ilipangwa ofisini, haikufungwa na mapato ya matangazo, kwa hiyo watengenezaji wakiongezeka na watazamaji wakiongezeka kila mmoja anapata kidogo zaidi. Chungu ni kile kile, walaji wanaongezeka kila siku. Januari 2022 Hank Green, ambaye ni mkubwa kabisa kwenye hii kazi, akatoa vidio akieleza hilo jambo na akasema yeye anapata kama senti 2.5 za dola kwa kutazamwa mara 1,000. Zidisha mwenyewe, mara milioni ni dola 25. Desemba 2023 mfuko ule ukafungwa Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, ukaja mpango mwingine wa vidio zinazozidi dakika moja ambao unataka wafuasi 10,000 na kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30.

Sasa twende kwenye hoja yangu. Chukua hiyo vidio iliyotazamwa mara milioni ikaleta dola 25. Kama katika kila watazamaji 100 mmoja tu angetoa senti moja, moja tu, ingekuwa senti 10,000 yaani dola 100. Mara nne. Na wale 99 wengine wangeendelea kutazama bure. Kwa hiyo hela ya kumlipa mtu vizuri ipo kwa watazamaji wenyewe, kinachokosekana ni njia ya kuifikisha ile senti bila kuliwa yote njiani. Na tatizo hili ni la zamani kuliko YouTube yenyewe. Kwenye lugha ambayo kompyuta zinaongea zikiomba kurasa za intaneti, ile yenye 404 ya ukurasa haupo, kuna namba 402 inayomaanisha malipo yanahitajika. Ilitengwa kwa ajili ya baadaye tangu miaka ya 90. Hiyo baadaye bado tunaisubiri.

Karibuni.

#2

Mkuu nakubali hesabu ila mimi ni mtazamaji tu, sina chaneli, ngoja niseme upande wetu. Shida yangu sio senti moja. Senti moja hata ikidondoka siioni. Shida ni kuulizwa. Nimekaa nimechoka nataka kutazama, kila vidio inaniuliza utalipa senti ngapi, ndio au hapana, nathibitisha, naweka namba ya siri, aisee hapo nafunga simu nalala. Bora tangazo la sekunde tano kuliko kufikirishwa kila dakika. Na sijui vidio kama ni nzuri kabla sijaitazama, sasa nailipia mwanzo au mwisho? Nikilipia mwanzo nimeibiwa, nikifika mwisho nimeshasahau nimehamia nyingine.

#3 (mleta mada)

Umesema jambo ambalo limewashinda wengi. Kuna mtu anaitwa Nick Szabo aliliandikia miaka ya 90, kwamba hata ada ya benki ikishuka mpaka karibu na sifuri bado kunabaki gharama ya akilini, ile ya kukaa na kuamua hiki kinastahili au hakistahili. Bei inapokuwa ndogo kuliko usumbufu wa kuamua, mtu anaona heri aache tu.

Ndio maana wenye akili walijaribu kuondoa maswali. Kulikuwa na huduma ya Flattr, ilianzishwa Sweden 2010 na Peter Sunde na Linus Olsson, wewe ulikuwa unaweka bajeti yako ya mwezi tu, halafu kila kitu ulichokipenda unabonyeza, mwisho wa mwezi bajeti inagawanywa sawa kwa vyote ulivyobonyeza. Hukuulizwa bei hata mara moja. Huduma nyingine, Coil, wakaenda mbali zaidi, dola 5 kwa mwezi, hela ilikuwa inatiririka yenyewe kila sekunde unapokuwa kwenye ukurasa wa mtu aliyejiunga, kiwango kilikuwa senti 36 kwa saa. Hiyo kwangu ilikuwa nzuri mno. Fikiria somo langu la nusu saa linaleta senti 18 kutoka kwa mtu mmoja tu aliyelitazama lote. Senti 18! Watu kumi wanashinda maelfu ya watazamaji wa ule mfuko.

Coil walifunga Machi 2023. Kwa maoni yangu kilichowakwamisha wote ni kwamba walikuwa pembeni, ilibidi mtazamaji ajiunge kwao na mtengenezaji ajiunge kwao, wakati watu wote wako ndani ya YouTube na TikTok. Njia ilikuwa nzuri ila imejengwa mahali ambapo watu hawapiti.

#4

Nafanya kazi ya kuunganisha mifumo ya malipo kwenye tovuti na programu za simu, nichangie upande wa bomba lenyewe maana hapo ndio senti inafia.

Malipo ya kadi kwa kawaida yanakatwa vitu viwili, asilimia na kiasi kisichobadilika. Bei ambayo kampuni kubwa za malipo ya mtandaoni zimeitangaza kwa miaka mingi Marekani ni asilimia 2.9 na juu yake senti 30. Mtu akitoa dola 100 hizo senti 30 huzioni. Akitoa dola 1 imeondoka senti 33, theluthi nzima. Akitoa senti 10 makato ni makubwa kuliko mchango wenyewe, yaani unadaiwa kwa kupewa zawadi.

Mfano mzuri wa hili ni Patreon, tovuti ya mashabiki kuwachangia watengenezaji, ile iliyoanzishwa 2013 na Jack Conte mwanamuziki pamoja na Sam Yam. Desemba 2017 walitangaza kwamba anayechangia ataongezewa asilimia 2.9 na senti 35 kwenye kila mchango. Mchango wa dola 1 ukawa dola 1 na senti 38. Na mtu aliyekuwa anawachangia watu kumi dola moja moja anakatwa hizo senti 35 mara kumi. Watu wakafuta michango kwa wingi, ile midogo midogo ndio iliyokufa kwanza, wenye chaneli wakalia, na ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi ikaacha mpango huo. Pale ilionekana kabisa kwamba dola moja moja ndizo zilizokuwa zinawashikilia watu wadogo.

Suluhisho tunalolitumia siku zote ni kukusanya kwanza. Mtu anaweka hela mara moja kwenye pochi ya ndani ya programu, ada ya kadi inalipwa mara moja, baada ya hapo senti zinahama kwa kuandikwa tu kwenye daftari la kampuni, hakuna benki inayoguswa. Bits, zile sarafu za ndani za Twitch, mtandao wa kutazama laivu, ndivyo zilivyo. Zilipoanza 2016, Bits 100 ziliuzwa dola 1 na senti 40 na mwenye chaneli akawa anapata senti moja kwa kila Bit. Stars za Facebook nazo senti moja kwa Star. Kwa hiyo mleta mada, kiufundi malipo ya senti moja yapo na yanafanya kazi kila siku. Ila daftari ni la kampuni, pochi ni ya kampuni, na hela iliyowekwa humo haitoki kwenda mahali pengine.

Kuna na njia ya Lightning ya bitkoini ambayo inahamisha visehemu vidogo kuliko senti bila daftari la kampuni moja. Inafanya kazi, nimeijaribu, lakini mtazamaji wa kawaida kumwambia atunze mwenyewe funguo za siri za pochi yake bado ni mtihani.

#5

Jamani mimi ni dada wa laivu, naimba na kupiga gitaa, naishi kwa hizo zawadi za laivu kwa hiyo sitazisema vibaya, ila hesabu yake muijue. Super Chat ya YouTube, ule ujumbe ambao shabiki anaulipia wakati wa laivu, mwenye chaneli anapata asilimia 70, sawa. Lakini hiyo 70 inapigwa baada ya kutoa kodi ya mauzo na ada ya duka la Apple kama mtu kalipa kupitia iPhone. Duka likichukua asilimia 30, dola 10 inabaki 7, asilimia 70 ya 7 ni dola 4 na senti 90. Na hapo kodi hatujaigusa. Yule shabiki yangu anaamini kanipa dola kumi, ananiandikia kabisa kanunue nyuzi mpya za gitaa, na mimi namshukuru kwa kumi maana skrini inaonyesha kumi. Huwa naumia kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu. Akilipa kupitia tovuti ile ya Apple haikatwi kabisa, ila nani kamwambia?

Ninachotaka ni kitu kidogo sana, kabla hajabonyeza aonyeshwe: unatoa 10, anapata 4.90, ukipitia tovuti atapata 7. Basi. Atachagua mwenyewe.

Jambo la pili, hizi zawadi zinabadilisha kazi. Anayetoa kubwa jina lake linakaa juu kwa muda mrefu, anataka usome ujumbe wake, anataka umuimbie wimbo wake, wale mia wengine wasiotoa kitu wanakaa wanasubiri. Nina wenzangu wameacha kuimba wanashinda wanataja majina. Na mwalimu kama mleta mada nani atampa zawadi katikati ya kugawanya sehemu? Kwa hiyo msiseme zawadi ndio jibu, zawadi zinawafaa watu wa laivu wenye makelele.

#6

Nitakuwa tofauti kidogo na naomba msinishambulie. Hakuna aliyemlazimisha mtu kupakia vidio. Mnajua gharama ya kuhifadhi vidio na kuisafirisha dunia nzima kwa ubora wote ule, bure, milele, hata kama imetazamwa na watu wanne? Jaribu kukodi seva yako upakie vidio ya saa moja itazamwe na watu laki moja uone bili. Asilimia 45 mnayoilalamikia inalipia na zile chaneli mamilioni ambazo hazijawahi kuingiza hata senti. Na YouTube wametangaza kwamba ndani ya miaka mitatu mpaka 2023 wamewalipa watengenezaji, wasanii na makampuni ya habari na burudani dola bilioni 70. Vine, mtandao wa vidio za sekunde sita, ilikuwa inapendwa sana lakini haikuwa na mgawo wowote wa matangazo kwa watengenezaji, wakubwa wake wakahamia kwingine na Oktoba 2016 ikatangazwa kufungwa. Kwa hiyo soko lenyewe linaadhibu wasiolipa.

#7 (mleta mada)

Hushambuliwi mkuu, hoja ya seva ni ya kweli na mimi sijawahi kudai asilimia 100. Hiyo 55 kwa 45 ukinilazimisha nitasema naielewa. Lakini tazama, mfano wako wa Vine unanisaidia mimi. Wale wakubwa waliweza kuhama kwa sababu walikuwa wakubwa. Mwalimu mwenye wanafunzi 600 anahamia wapi? Soko linaogopa kumpoteza yule wa juu, huyu wa chini hata akiondoka leo hakuna mtu atakayegundua, na huyu ndiye vidio zake zinawekewa matangazo bila kulipwa. Gharama ya kuhifadhi vidio zake inalipwa na hayo matangazo, sawa, basi ondoa gharama hiyo halafu kinachobaki mpe.

Na bilioni 70 ni namba kubwa lakini ni jumla, ndani yake kuna makampuni ya muziki na vituo vya televisheni. Jumla haikwambii aliye katikati ya foleni anapata nini.

#8

Mnasahau sisi wa nyuma ya kamera. Mimi nahariri vidio za watu, nakata, naweka maandishi, narekebisha sauti. Vidio ikilipuka ikatazamwa miaka mitano mimi nimelipwa mara moja tu siku ile. Wanaotafsiri maandishi ya chini ndio kabisa. Kwa nini mfumo ambao unaweza kugawa hela ya wimbo mmoja mpaka theluthi usiweze kugawa asilimia 5 iende moja kwa moja kwa mhariri? Tekinolojia ipo, wanaitumia kwa wenye muziki kwa sababu wana mawakili.

Na tukiongelea muziki, ile Content ID, mfumo wa YouTube unaotambua kazi za wenye hakimiliki ndani ya vidio za watu. Kampuni ikidai sekunde kadhaa za wimbo kwenye vidio yako inaweza kuchukua mapato ya vidio nzima. Ujue jambo moja, ukipinga ndani ya siku 5 hela inashikiliwa tangu siku ya kwanza ya dai mpaka mgogoro uishe, ukichelewa inashikiliwa kuanzia siku uliyopinga. Aliyedai ana siku 30 za kujibu. Kuna mteja wangu alidaiwa kwa sauti aliyoirekodi mwenyewe, akakaa wiki anajifikiria, zile siku za mwanzo hela yake ikaenda. Pingeni mapema kama mna uhakika.

#9

Ongezeni na kodi. Kama huishi Marekani, sehemu ya mapato yako iliyotokana na watazamaji waliopo Marekani inaweza kukatwa mpaka asilimia 30, isipokuwa nchi yako iwe na mkataba wa kodi nao. Ilianza 2021. Usipojaza fomu kabisa wanaweza kukata mpaka asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima, kwa hiyo jazeni ile fomu hata kama mnapata kidogo. Na malipo hayatoki mpaka yafike dola 100, ukiwa na RPM ndogo unaweza kukaa miezi mingi hela iko pale unaitazama tu.

#10 (mleta mada)

Asanteni sana, mmenifikisha mahali nilipokuwa nataka kufika. Dada wa gitaa kasema zawadi zinawafaa wa laivu, wa #2 kasema asiulizwe, fundi wa malipo kasema hela ikusanywe kwanza. Ukiunganisha hayo matatu unapata ada ya mwezi, mtu analipa mara moja haulizwi tena na inagawanywa yenyewe kwa anaowatazama. Sasa swali kubwa, na hili ndilo ninalolipigania, inagawanywa vipi?

Chukua watu wawili, kila mmoja kalipa dola 10. Wa kwanza ni mwanafunzi wangu, mwezi mzima katazama saa 2 tu na zote ni masomo yangu. Wa pili katazama saa 98 za vitu vingine na hajawahi kunisikia. Ukiweka hela kwenye mfuko mmoja kuna dola 20 na saa 100, mimi nina saa 2, napata senti 40. Ukigawa ya kila mtu peke yake, dola 10 ya mwanafunzi wangu inakuja yote kwangu, na ya yule mwingine inakwenda kwa aliowatazama. Senti 40 na dola 10, watazamaji wale wale, ada ile ile! (Nimeacha makato ya kampuni ili hesabu ionekane, yaweke asilimia yoyote uwiano haubadiliki.) Yule mwanafunzi kwenye mfuko mmoja ametoa dola 10 akidhani anamsaidia mwalimu wake, kumbe dola 9 na senti 60 zimekwenda kwa watu asiowajua.

Na hii sio ndoto. Kwenye muziki Spotify wanatumia mfuko mmoja, lakini SoundCloud tangu 2021 wameanza kuwalipa wanamuziki huru kwa njia ya pili, hela ya msikilizaji inamfuata anayemsikiliza. Kama kwa nyimbo inawezekana kwa vidio inashindikana nini? Anayefundisha, anayeeleza ufundi wa kutengeneza redio za zamani, anayesimulia historia ya kijiji kimoja, hawa wote wana watu wachache wanaowapenda sana, na mfuko mmoja unawaua kwa sababu unahesabu saa hauhesabu watu.

#11

Swali la kweli, je mtu akilipa dola 10 mwezi huo akatazama vidio moja ya dakika 5 tu, huyo mwenye vidio achukue yote? Hapo haki iko wapi kwa aliyetengeneza vidio ya saa tatu? Na matapeli je, si watafungua akaunti za uongo wajilipe wenyewe?

#12 (mleta mada)

La kwanza ndiyo, achukue. Ni hela ya yule mtu, mwezi ule ndiye pekee aliyemfaa. Ukiona inakuwa nyingi mno unaweza kuweka kikomo na inayobaki ikahamia mwezi unaofuata wa mtu huyo huyo, sio iende kwa wengine.

La matapeli ni kinyume kabisa na unavyofikiri. Kwenye mfuko mmoja tapeli analipia akaunti moja, anaiwasha inatazama saa 24 kila siku, inavuta hela ya watu wengine kuliko aliyolipa, ndio maana biashara hiyo inalipa. Kwenye njia ya pili ile akaunti ya uongo hata ikitazama mwezi mzima bila kulala haiwezi kutoa zaidi ya ada iliyolipiwa, na kampuni imeshakata chake katikati. Tapeli anajilipa dola 10 apokee 5 na nusu. Ataacha mwenyewe.

#13 (fundi wa malipo wa #4)

Hili la matapeli nalithibitisha, sisi tunaita kupunguza faida ya wizi, na ni dawa bora kuliko kuwakamata.

#14

Wakuu mimi nimeanza juzi juzi, nina watu kama mia mbili, haya ya kubadilisha mifumo ya makampuni nayaunga mkono ila sio leo wala kesho. Mtu kama mimi nifanye nini sasa hivi? Kuna watu wameshaniambia wangependa kunichangia dola moja moja kila mwezi.

#15 (fundi wa malipo wa #4)

Waombe walipe kwa mwaka. Dola 1 kila mwezi kwa makato ya 2.9 na senti 30 inaondoka senti 33 mara 12, karibu dola 4 kati ya 12. Akilipa dola 12 mara moja makato ni kama senti 65 tu. Mchango ni ule ule, wewe umeokoa dola 3 na zaidi kwa kila mtu, na yeye haulizwi tena mpaka mwakani. Wape linki ya tovuti, usiwaelekeze ndani ya programu ya iPhone. Uliza pia kampuni ya malipo kama wana bei maalumu ya malipo madogo, wengine huwa na senti chache za kudumu na asilimia kubwa kidogo, kwa dola moja moja hiyo inakufaa zaidi.

#16

Asante sana kaka. Na mtu akilipa wa mwaka halafu mimi nikaumwa au nikashindwa kupakia miezi mitatu?

#17 (fundi wa malipo wa #4)

Andika mapema kabisa pale pale kwenye ukurasa wa kuchangia kwamba atarudishiwa ya miezi iliyobaki akitaka. Ila kumbuka kampuni nyingi za malipo hazikurudishii ile ada yao ya mwanzo, kwa hiyo usitumie hela yote ya mwaka ndani ya mwezi wa kwanza, iweke pembeni uwe unachukua sehemu ya kumi na mbili kila mwezi.